Mume wangu huacha pombe Ramadhani, Idi akairudia: ni mimi ninayemrudisha?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Wete lakini tunaishi Fuoni. Mume wangu ni mhudumu wa hoteli upande wa Nungwi, analala huko kwenye kota za wafanyakazi na hurudi nyumbani siku mbili kwa wiki. Tulipooana hakuwa akinywa. Ana miaka minne sasa tangu aanze. Mwanzo ilikuwa bia moja au mbili baada ya kazi, sasa ni chupa sita za nusu lita kila usiku, na siku nyengine pombe kali juu yake. Hata akiwa nyumbani hunywa, kwa kujificha. Mimi hugomba, hununa, huficha pesa. Akishindwa kuamka humpigia msimamizi wake nikasema ana homa. Kinachoniuma ni kuwa Ramadhani huacha kabisa, anafunga, anasali tarawehe, kisha Idi haijaisha amerudia. Mwaka huu siku tatu za mwanzo za mfungo alitetemeka mikono na kutoka jasho usiku kucha, nikadhani ni kukosa daku nzuri. Mavyaa anasema mwanamume hukimbilia pombe akikosa raha nyumbani. Shoga yangu mmoja kaniambia nimletee anywe ndani, nikae naye. Nimefanya hivyo mara mbili na mimi nikaonja, na ninajuta. Mwengine kanipa unga niutie kwenye mchuzi bila yeye kujua, bado sijautumia. Hajanipiga, ila hivi karibuni alinisukuma mlangoni. Je, mimi ndiye sababu? Kama Ramadhani anaweza, si anafanya makusudi? Na mimi naweza kumbadilisha?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote, lakini kuna mawili hayawezi kungoja.

La kwanza, ule unga usiutie kwenye mchuzi. Unga usiojulikana una nini ni hatari kwa mtu yeyote, na kwa mnywaji hatari yake ni zaidi. Ipo dawa halisi ya hospitali iitwayo disulfiramu, inayomfanya mtu aumwe akinywa pombe: uso huwaka moto, moyo hudunda, hutapika, na shinikizo la damu laweza kushuka mpaka akazimia. Daktari humpa mtu anayejua anachokimeza na aliyekubali, baada ya kumpima moyo na ini. Ukimtilia mtu kitu cha namna hiyo kwa siri, naye akaenda kunywa chupa zake sita, unaweza kumwua bila kukusudia. Na hata akinusurika, siku atakayojua hatakula tena chakula cha mkono wako kwa amani.

La pili ulilitaja kwa kupita, nami ndilo lililonishitua kuliko yote: kutetemeka mikono na jasho la usiku mwanzo wa mfungo. Ile haikuwa daku. Pombe huupoza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo nao hujiongezea ukali ili uweze kufanya kazi chini ya ule uzito. Pombe ikikatwa ghafla, ukali ule hubaki bila kizuizi. Mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, jasho hutoka, usingizi hupotea. Dalili hizi huanza kiasi cha saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kwa baadhi ya watu, ndani ya siku mbili za mwanzo huja kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuingia katika hali ya kuweweseka, akaona visivyokuwepo na kusahau yuko wapi, homa ikapanda. Hali hiyo huua isipotibiwa.

Mume wako amepita salama mwaka huu, alhamdulillahi. Lakini mwili uliofika hapo mara moja, unywaji ukiendelea, mara ijayo huenda ukatetemeka vibaya zaidi. Kwa hiyo usimwambie "acha leo leo, ukiwa mwanamume kweli," na asingojee usiku wa kuandama mwezi ndipo akate kwa mkupuo. Akitaka kuacha, aanzie hospitali. Huko hupewa dawa za kumtuliza kwa siku chache, zikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huikosa na kuikosa kwake huharibu ubongo. Ukimuona anatetemeka sana, anaweweseka au ameanguka kifafa, mpeleke usiku huo huo. Usingoje asubuhi kwa kuogopa majirani.

Sasa swali lako la Ramadhani. Wake wengi huniuliza hili, nami naelewa kwa nini linauma. Kama anaweza siku thelathini kwa ajili ya Mungu, kwa nini asiweze siku moja kwa ajili yangu? Lakini tazama mwezi ule unavyomzunguka. Saa ambayo kwa kawaida chupa ya kwanza hufunguliwa, yeye yuko kwenye futari. Baada ya hapo yuko msikitini, safu imejaa, akikosekana ataulizwa. Wenzake waliozoea kumwita nao wamefunga. Usiku umejaa watu, hana saa ya kukaa peke yake akaificha. Hiyo ni nguvu ya mazingira na ya watu, na ni kubwa kuliko nia ya mtu mmoja. Mfungo mosi, mwezi wa Idi, ikifika, futari ya pamoja imekwisha, zamu za usiku zimerudi, wenzake wamerudi kaunta, na yeye hakujipangia chochote cha kushika nafasi ya yale yaliyomzuia. Anarudia, na si kwa sababu amekudharau. Ramadhani imekuonesha kuwa anaweza kuishi bila pombe pale saa zake za jioni zina mwenyewe. Hilo ni la kutumia, nitalirudia.

Je, wewe ndiye sababu? Hapana. Na mavyaa wako, kwa heshima zote, amekosea. Tazama mwenyewe mpangilio wa mambo. Hakuwa akinywa mlipooana, akaanza alipokuwa akimaliza zamu mahali ambapo pombe iko hatua tano kutoka alipo, mshahara na bakshishi vimo mfukoni, na kila aliyemaliza kazi pamoja naye anakaa kunywa. Raha ya nyumbani haikumtuma huko.

Lakini sitaki uondoke na nusu ya jibu, kwa sababu kusema "wewe si sababu" si sawa na kusema "ndoa haina athari." Ina athari kubwa, na watafiti wameifuatilia. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2016, uliopitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni tatu, ulionesha kuwa walioingia katika ndoa yao ya kwanza walikuwa na hatari ndogo sana ya kuangukia ulevi kuliko wasiooa. Kwa wanaume hatari ilipungua kwa kiasi cha asilimia 60, kwa wanawake zaidi ya hapo. Ila kinga hiyo iligeuka kuwa madhara pale mwenza mwenyewe alipokuwa na historia ya ulevi. Mwenza anayekuuliza umefika saa ngapi, anayekungoja, ambaye ungeona haya kumtazama ukiwa umelewa, ni kinga. Mwenza anayekumiminia ni kinyume chake.

Sasa rudi kwenye hali yenu. Mume wako ana ndoa ya siku mbili kwa wiki. Siku tano zilizobaki, jioni, katika saa ile ya hatari, watu walio karibu naye ni wenzake wa kota. Wao ndio wanaojua amekula nini, amelala saa ngapi, amekunywa ngapi. Kinga ya ndoa hufanya kazi kwa kuwepo, na mwenye kuwepo Nungwi saa tano za usiku si wewe. Hili silisemi kukulaumu, nalisema ili ujue pa kushika.

Kuhusu ushauri wa shoga yako wa kunywa pamoja ndani, natambua unakotoka. Watu wameona kuwa nyumba yenye mnywaji mmoja ndiyo yenye vita. Hata utafiti unalithibitisha kwa namna fulani. Huko Buffalo, Marekani, watafiti waliwafuatilia maharusi 634 kwa miaka tisa ya mwanzo ya ndoa. Karibu nusu ya wale ambao mmoja tu alikuwa mnywaji mkubwa waliachana, na kwa wengine walioachana walikuwa asilimia 30. Hao wengine ni pamoja na wale waliokunywa sana wote wawili. Mtu akiisoma vibaya atasema basi na mke anywe, amani ipatikane. Lakini amani hiyo ni ya kutokuwepo tena mtu wa kulalamika, na watoto wenu watatu watakuwa wamebaki bila mzazi aliye macho. Mwili wa mwanamke pia una maji kidogo zaidi kuliko wa mwanamume, kwa hiyo kiasi kile kile humpanda haraka na kumdhuru mapema. Wewe umeonja mara mbili na umejuta. Toba yako ni baina yako na Mola wako, mimi sina la kuongeza hapo. Ninachokuomba ni kuwa isiwe mara ya tatu, na usinunue tena. Ukinunua wewe, umemwondolea kikwazo cha mwisho alichokuwa nacho nyumbani, yaani ile haya inayomfanya ajifiche.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ulipo mkono wako hasa. Nifuate usiku mmoja wa siku zake za mapumziko. Amekuja, umenusa, umeanza kugomba. Yeye amenyamaza au ametoka. Wewe umemfuata kwa maneno, yeye amekwenda mbali zaidi, akarudi amelewa zaidi. Ukachoka, ukanyamaza, ukamtilia chakula, ukamvua viatu, asubuhi ukampigia msimamizi. Sasa chukua siku nyengine ambayo amekuja mzima kabisa. Macho meupe, anacheza na watoto. Wewe ukaona: leo anasikia, leo ndiyo siku ya kumwambia. Ukamwaga ya mwezi mzima, ada za skuli, maneno ya mama yake, aibu ya jirani.

Tazama hesabu ya nyumba yako ilivyokaa. Akilewa, mwisho wake ni kunyamaziwa, kuhudumiwa na kufichiwa. Akiwa mzima, hupata kesi. Hukukusudia hivyo, na hakuna mke anayekusudia. Lakini ubongo wa mnywaji unajifunza kwa kinachofuata baada ya tendo, na unachojifunza ni kuwa kuwa mzima nyumbani kwake ni kuzito.

Kugeuza hesabu hiyo kunafundishika. Robert Meyers na wenzake huko Marekani walitengeneza mafunzo kwa ajili ya jamaa wa walevi waliokataa matibabu. Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya kulinganisha njia tatu kwa jamaa 130. Waliofundishwa kubadilisha mwenendo wao wenyewe nyumbani, asilimia 64 walifaulu kumfanya mnywaji aingie matibabu. Waliotumia njia ya kumkusanyia ndugu na kumkabili kwa pamoja walikuwa asilimia 30. Na waliofundishwa kumwachia mnywaji mambo yake na kujitunza wenyewe tu, asilimia 13. Zingatia kuwa hizi ni hesabu za kukubali kuanza matibabu, si za kuacha pombe moja kwa moja. Hata hivyo zinakujibu swali lako la tatu. Kumbadilisha huwezi. Kubadilisha yanayomzunguka unaweza, na hilo humfanya awe karibu zaidi na uamuzi wake mwenyewe.

Kwa vitendo, anza na saa anazokuwa mzima. Akija bila kunywa, siku hiyo asikute kesi. Mpikie anachokipenda, kaeni na watoto, mpeleke kwa ndugu anayemheshimu, na mwambie wazi kwa nini unafurahi: "Baba watoto, leo umekuwa nasi tangu asubuhi na moyo wangu umetulia. Nataka siku kama hizi." Maneno mafupi, basi. Akija amelewa, usimgombeze na usimhudumie. Mtu aliyelewa hasikii na kesho hatokumbuka, kwa hiyo unajichosha bure. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Umekunywa, mimi nalala na watoto, tutazungumza kesho," kisha fanya hivyo. Chakula kipo jikoni, atajipakulia.

Na acha kumpigia msimamizi. Najua hili ni gumu kuliko yote, maana kazi ikipotea ni nyinyi wote mtakaokosa. Si lazima uende kumshitaki. Ila asubuhi akishindwa kuamka, simu aipige mwenyewe, na maneno ayatafute mwenyewe. Kila homa uliyomtungia imemficha yeye na matokeo ya usiku wake. Vivyo hivyo alichokivunja, akione asubuhi pale pale kilipovunjikia, ikiwa hakitawaumiza watoto.

Mazungumzo makubwa, yale ya kumwomba aende hospitali, yafanye mara moja na uyapangie wakati. Wakati mzuri ni pale yeye mwenyewe amejionea vibaya, kwa mfano siku anayosema kichwa kinamuuma na amechoka na hali hii. Zungumza kuhusu kile ulichokiona kwa macho, usimtaje kuwa mlevi: "Mwanzo wa Ramadhani mikono ilikutetemeka. Nimeuliza, nimeambiwa ni mwili unaodai pombe, na kuna dawa. Nitakwenda nawe." Akikataa, usishindane. Jibu hilo hubadilika, na ukishindana utalifunga.

Utasema nimesahau dini. Sijasahau. Mume wako anajua hukumu ya pombe tangu chuoni, hana haja ya kukumbushwa kila usiku. Nilichokiona katika kazi hii ni kuwa mtu anayekunywa katika mji ambao kunywa ni aibu kubwa, hunywa haraka, mbali, na kwa siri, na siku akitaka msaada hajui amwambie nani bila kuvunjiwa heshima. Kwa hiyo aibu ikizidi humpeleka mafichoni, na mafichoni ndiko kunakonywewa sana. Ikiwa yuko sheikh au imamu mwenye kifua, anayeweza kukaa naye wawili bila habari kufika barazani, huyo ni msaada mkubwa. Na ile nguvu ya Ramadhani mnaweza kuirefusha. Akishatibiwa mwili, mpangieni nani atakuwa naye baada ya isha huko Nungwi. Labda mwenzake mmoja asiyekunywa, msikiti ulio karibu, au simu ya video na watoto saa ile anapotoka zamu. Kila jioni iwe na kitu kilichokwishapangwa kabla jua halijatua.

Kubadilisha kazi ni jambo zuri, lakini nakupa ukweli wake. Akihamia kitengo kisicho na kaunta, au hoteli iliyo karibu na mjini ili alale nyumbani, nafasi yake inakuwa bora zaidi. Akiacha kazi kabla hajatibiwa, akakaa barazani bila shilingi na bila shughuli, mara nyingi mambo huharibika zaidi. Kikao cha wazee ukipenda kiitishe, ila aambiwe mapema na wawe watu wawili wanaompenda, wasiwe kumi wa kumhukumu. Na talaka usiitishie kama huikusudii. Siku ukifikia kuikusudia, ni haki yako kusikilizwa katika Mahakama ya Kadhi, na hakuna atakayesema hukusubiri.

Sasa ule msukumo mlangoni. Umeandika "hajanipiga, ila," na mimi nasimama kwenye hiyo "ila." Haya yote ya kuzungumza kwa upole na kubadilisha hesabu ya nyumba ni kwa nyumba ambayo mke yuko salama. Akikusukuma tena, akikukaba, akikutishia au akimgusa mtoto, acha kila nilichokufundisha na uondoke na watoto. Chagua tangu sasa nyumba utakayokwenda usiku, weka vyeti vya watoto na akiba ya nauli mahali anapopajua ndugu yako mmoja. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo unatibiwa, unasikilizwa na kuunganishwa na polisi mahali pamoja. Sheha wako naye ana wajibu wa kukusaidia. Pombe hueleza kwa nini mkono ulinyanyuka, haiuhalalishi.

Kuhusu pa kumpeleka, Mnazi Mmoja ni mwanzo mzuri kwa sababu mtu huingia humo kwa maradhi yoyote na hakuna anayeuliza. Hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo yenye wataalamu wa akili na uraibu. Najua watu wanavyolisema jina hilo, na kuwa mume wako huenda akakataa kuonekana langoni. Mwambie kuwa huko huingia kila aina ya mtu, na siri ya mgonjwa inalindwa. Ukiwa kwenu Pemba, anzeni hospitali ya Chake Chake au Wete. Nyumba za soba, yaani makazi ya wanaoacha uraibu, nazo zipo Unguja na zimewafaa wengi kwa sababu wanaoziendesha wamepitia wenyewe. Ila zilianzishwa zaidi kwa watumiaji wa heroini, na mtu anayetetemeka kama mume wako apite kwanza kwa daktari ndipo aende huko.

Mkifika kwa daktari, msiseme "hunywa kidogo." Semeni chupa sita za nusu lita. Bia ya kawaida ya nusu lita ina kiasi cha gramu 20 za pombe halisi, kwa hiyo anakunywa takriban gramu 120, na Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 kwa wakati mmoja kuwa ni unywaji mzito. Taja pombe kali anayoongeza, taja kutetemeka kwa Ramadhani, taja kama amewahi kuanguka. Huenda akaulizwa maswali 10 yanayotumika duniani kote kupima unywaji. Ajibu mwenyewe, wewe usimjibie. Na akikataa kwenda kabisa, nenda wewe peke yako. Mshauri anaweza kuanza na mke kabla hajamuona mume, na mengi niliyokuandikia hapa ni rahisi zaidi ukiyafanyia mazoezi na mtu ana kwa ana.